Mkunazi na Chupa ya Mombasa

Mama yangu alifariki asubuhi ya Ijumaa, nyumbani kwetu mtaa wa Mkomani, Amu, yaani mji wa Lamu, wakati uhuru ulipokuwa bado ni maneno ya redioni. Mimi nilikuwa msichana aliyeanza tu kuvaa buibui. Mama alikuwa ameugua kifua kwa muda mrefu, na miezi ya mwisho hakushuka ngazi hata mara moja. Kila usiku nilikuwa nikipelekwa kulala kwa jirani, kwa sababu watu wazima walisema kikohozi kile hakifai kulaliwa karibu na mtoto. Kila asubuhi nilirudi nyumbani, nikampandishia uji, nikamkalisha kwa mito, nikamchana nywele.

Kabla hajaugua, yeye ndiye aliyekuwa akinichana mimi. Alkhamisi ilikuwa siku ya kichwa. Mama alichukua majani mabichi ya mkunazi, akayatoa miiba, akayatwanga kinuni mpaka yakawa kama mchicha uliosagika, akayakoroga na maji kwenye bakuli la udongo. Alikoroga kwa mkono mpaka povu likapanda, povu la kijani, zito, lenye harufu ya majani na vumbi la mvua ya kwanza. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, kichwa nimekiinamisha, naye akaniosha pole pole, akinihadithia mambo ya mtaani ambayo labda hayakunihusu. Baadaye alinipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe na kuyatia asumini. Nililala nikinukia hivyo, na mto wangu ukanukia hivyo mpaka Jumatatu.

Asubuhi ile ya Ijumaa nilifika na kibakuli cha uji mkononi, nikakuta viatu vya wanawake vimejaa barazani. Havikunishtua. Wanawake walikuwa wakija kumtazama mgonjwa kila siku. Shangazi yangu, dada yake baba, alinipokea mlangoni. Hakuniacha nipande juu. Alinishika bega akanipeleka kiwandani, yaani ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, akanionyesha kinu na kapu la majani ya mkunazi.

"Twanga," aliniambia. "Yatwange yalainike sana."

Nilifurahi. Mama hakuwa ameoshwa kichwa kwa wiki nyingi. Kila tulipotaka kumwosha alisema anaona baridi. Nikajua ameamka na nafuu. Nikajua ameomba mwenyewe. Nilitwanga kwa nguvu zangu zote, na nikitwanga nilikuwa nikiimba wimbo wa arusi iliyopita mtaani siku chache kabla. Nakumbuka mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji, akanitazama, akaweka ndoo chini, akafunika uso kwa leso yake. Nilidhani moshi wa jikoni umemwingia machoni.

Nilipomaliza nililibeba bakuli mwenyewe. Nilitaka Mama aone kazi yangu. Shangazi alinikuta mwisho wa ngazi akanipokonya bakuli, na katika kugeuka kwake pazia la chumba lilifunguka kidogo. Niliona kitanda kisichokuwa chetu, chenye mbao zilizoachana ili maji yapite. Nilisikia harufu ya kafuri. Juu ya mbao zile niliona miguu ya Mama.

Sisi Waislamu huwaosha maiti wetu kwa maji ya mkunazi kabla ya kuwaosha kwa kafuri. Nilikuwa nimelisikia hilo chuoni, tulikosomea Kurani, lakini nililisikia kama mtoto anavyosikia mambo ya watu wengine.

Tangu siku hiyo sikuweza kuivumilia harufu ya mkunazi. Haikuwa kiburi, wala sikupenda mambo ya kisasa kuliko wenzangu. Nikipita mlango wa nyumba ambamo mtu anaoshwa kichwa, ilinibidi nishike ukuta. Shangazi, ambaye alinichukua kunilea, alijaribu mara moja kuniosha kwa majani yale. Nilitapika, naye hakujaribu tena. Hakuuliza sababu. Mimi nami sikumweleza, kwa kuwa niliona anaijua, na kwa kuwa ndani ya moyo wangu nilikuwa na neno naye.

Nikawa naosha nywele kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Halafu katika duka moja la Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, zikaanza kufika chupa za shampuu kutoka Mombasa. Ilikuwa ya rangi ya manjano, nzito kama asali, na ilinukia tunda ambalo sikulijua. Niliipenda kwa sababu hiyo hasa. Harufu yake haikunikumbusha mtu yeyote.

Mwaka uliofuata uhuru niliolewa na kijana wa Chundwa, kule kisiwa cha Pate. Alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akicheka kwanza ndipo aseme. Makubaliano yalikuwa nikae na mama yake Chundwa mpaka yeye apate chumba cha kutufaa Mombasa. Alipojua napenda shampuu ile, akawa hakosi kuniletea chupa kwa kila msafiri aliyekuwa akija pande zetu. Watu walinihesabu mke mwenye bahati.

Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye konde la ufuta na minazi michache. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipokea vizuri, akanipa chumba chenye hewa, akanionyesha kisima, jiko, na kuku yupi hutaga wapi. Alkhamisi ya kwanza tangu nifike, niliingia uani nikamkuta amekaa kwenye mkeka, bakuli mbele yake, mikono kijani mpaka kwenye vifundo.

"Ndoo, mwanangu," aliniita kwa lafudhi ya kwao, ambako njoo ni ndoo na kichwa ni kitwa. "Ndoo nikuoshe kitwa."

Harufu ilinifikia kabla ya maneno yake. Nilishika mwimo wa mlango. "Ahsante, Mama. Mimi nina changu," nikasema, nikakimbilia chumbani, nikarudi na chupa kama mtu anayeonyesha cheti.

Aliifuta mikono, akaichukua chupa, akaigeuza kwenye jua, akafungua kizibo akainusa.

"Yanukia vizuri," alisema. Akanirudishia. Kisha akaanza kujiosha mwenyewe, taratibu, na mimi nikatoka nje nikaenda mpaka kondeni, nikakaa huko hadi nilipodhani nywele zake zimekauka.

Ikawa ndio desturi yetu. Kila Alkhamisi alasiri yeye alikoroga majani, nami nilipata kazi ya kunitoa nyumbani. Hakunialika tena. Wanawake wa kisimani walinipa jina, mke wa chupa, na walikuwa wakilisema nikiwa karibu ili nilisikie. Siku moja mavyaa alikuwepo. Alikuwa akivuta maji, hakuacha kuvuta, akasema bila kugeuka, "Kitwa ni chake. Nyinyi yawauma nini?" Wakanyamaza. Njiani kurudi nilitaka kumshukuru lakini yeye alikuwa ametangulia, ndoo kichwani, na hatua zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.

Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi kidogo. Sijui kama ni maji, au ni chupa, au ni maji na chupa kwa pamoja. Mimi si daktari, siwezi kulaumu kitu. Ninachojua ni kwamba nywele zangu, ambazo Amu zilikuwa zikifika mgongoni, zilianza kukauka kama kumbi la nazi. Ngozi ya kichwa ilikaza, ikawasha, ikatoa mba. Niliongeza shampuu nikidhani ni uchafu. Nilipoongeza, mba nao uliongezeka.

Kisha nikamzaa binti yangu. Uzazi ulikuwa mgumu lakini tulisalimika, yeye na mimi. Mume wangu alikuja, akamwadhinia masikioni, akakaa siku chache, akarudi kazini. Arobaini ilipita vizuri. Baada ya hapo, pole pole, nywele zikaanza kutoka. Mara ya kwanza zilikuja na kitana, nikazikunja nikazificha chini ya godoro. Siku zilizofuata zilikuja hata kwa vidole. Nikaanza kufunga kilemba ndani ya nyumba, asubuhi mpaka jioni, na kichwa kikazidi kuwasha humo ndani.

Alasiri moja binti yangu, ambaye sasa alikuwa akijua kushika vitu, alinivuta shungi la nywele lililochomoza chini ya kilemba nilipokuwa nikimnyonyesha. Lilitoka lote mkononi mwake. Alilitazama, akalitikisa, akacheka. Mimi niliketi pale pale jikoni, juu ya gunia la makumbi, nikalia kilio ambacho sikulia hata siku ya Mama. Mavyaa aliingia na kuni. Aliziweka chini. Alimchukua mtoto, akalifungua lile konzi dogo, akazitoa nywele kidole kwa kidole.

"Vua kilemba," aliniambia.

Nilivua. Alitazama kichwa changu kwa muda. Hakusema pole, wala hakusema nilikwambia.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekuona ukiyakimbia majani tangu siku ile ya kwanza. Nilidhani ni mambo ya mjini. Lakini mtu hakimbii mambo ya mjini na uso kama ule wako. Yana nini?"

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, wala mume wangu. Nilimweleza kinu, kapu, ngazi, kitanda cha mbao, miguu ya Mama. Mtoto alilala mapajani mwake. Kuni zilizokuwa mekoni ziliendelea kuwaka, uji ukamwagika motoni, hakuna aliyeinuka.

"Sawa," alisema mwisho. "Nimesikia."

Basi. Nilijisikia mpumbavu kwa kuwa nimesema mengi mno.

Alkhamisi iliyofuata hakukuwa na bakuli uani. Niliingoja harufu, haikuja. Badala yake mavyaa aliniita nikakuta kibakuli cha uwatu, zile mbegu za manjano walizokuwa wakinitilia kwenye uji nilipokuwa mzazi. Alikuwa amezilowesha tangu jana yake, akazisaga, zikawa utelezi mzito. "Hizi hazijakukosea kitu," alisema. Akanipaka kichwani, akaniacha nikae juani, kisha akanisuuza kwa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa na kuyahifadhi. Baada ya uwatu alinipaka tui zito la nazi. Wiki nyingine alikata jani la mshubiri kutoka nyuma ya nyumba, akalipasua, akanisugulia ule ute kwenye ngozi, mchungu kiasi kwamba uliposhuka midomoni nilitema mate kutwa nzima. Mafuta ya nazi aliyapika mwenyewe akatia majani ya rehani.

Chupa yangu ilibaki rafuni, imejaa nusu. Sikuapa kuiacha. Niliona tu kwamba kuwashwa kumepungua, nikasema nitaitumia wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema hivyo hivyo.

Miezi ilipita namna hiyo. Nywele hazikuwa zikiota, lakini ziliacha kuanguka. Nilianza kukaa uani Alkhamisi bila kutafuta pa kukimbilia. Nilidhani mavyaa naye ameacha mkunazi, amehamia kwenye uwatu pamoja na mimi. Sikuuliza. Kichwa chake kilikuwa kimefunikwa siku zote kwa mtandio mweusi, na mimi nilikuwa nikijishughulisha na kichwa changu.

Alkhamisi moja baada ya Idi nilikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu kuazima ungo. Mwenye nyumba alikuwa mjane kama mavyaa, rafiki yake wa utotoni. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikaingia mpaka uani. Pale kwenye mkeka alikuwa mavyaa yangu, amelaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, nywele zake zote za mvi zimejaa povu la kijani.

Aliponiona aliinuka kwa ghafla, povu likamwingia jichoni. Alikuwa kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha watu.

"Mbona hukuketi nyumbani?" aliniuliza. "Nilikwambia nakwenda konde."

Yule rafiki yake alicheka. "Huyu? Konde gani! Huyu hutuletea majani yake hapa kila Alkhamisi, tangu kabla ya Ramadhani. Asema kwake hakuna nafasi. Uwanja wake wote ule, hakuna nafasi!"

"Nyamaza wewe," mavyaa alisema.

Nilisimama pale bila kujua niweke wapi mikono. Harufu ilikuwepo, imejaa ua mzima, na mimi nilikuwa nimesahau kuiogopa. Nilikuwa nikimtazama mwanamke yule mrefu, mwenye nyumba yake na ua wake, ambaye kwa miezi hiyo yote alikuwa akibeba majani chini ya buibui kwenda kuoshwa kichwa kwenye nyumba ya watu, ili mimi nipate kukaa uani pake bila kushika ukuta. Niliufuta uso wake kwa upindo wa leso yangu, kwa sababu ya lile jicho. Kisha nikarudi nyumbani. Ungo niliusahau.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Alkhamisi iliyofuata, kabla ya jua kuwa kali, nilimwachia mavyaa mtoto, nikachukua kikapu nikaenda kwenye mkunazi ulioko nyuma ya kisima. Mkunazi una miiba miwili miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda, na ule uliopinda ndio mbaya. Nilirudi na kikapu kimejaa na viganja vinavuja damu. Mavyaa alikuwa akifagia. Alisimamisha ufagio, akanionyesha chini kwa mkono.

"Weka tini, mwanangu. Si lazima."

"Najua," nilisema.

Nilikaa kwenye kinu. Nilitia konzi la kwanza, nikainua mchi, nikapiga. Nilipiga mara ya pili. Harufu ilipopanda, mkono wangu ulisimama hewani ukakataa kushuka. Niliona ngazi ile. Niliona yule mwanamke aliyeweka ndoo chini na kufunika uso, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hakukuwa na moshi.

Mavyaa alikuja akachuchumaa ng'ambo ya kinu. Hakunipokonya mchi.

"Nikuulize," alisema. "Siku ile ulipoyatwanga, ulikuwa ukilia?"

"La. Sikujua kitu. Nilikuwa nikiimba."

"Ukiimba?"

"Nilidhani amepata nafuu. Nilifurahi, Mama. Hilo ndilo linaloniumiza. Yeye amelala pale juu, nami chini naimba wimbo wa arusi."

Alichukua jani moja lililoanguka akalirudisha kinuni.

"Mimi nimeosha maiti wengi hapa kijijini," alisema. "Mama yangu, dada zangu, na wanangu wawili waliomtangulia mumeo. Majani ya wote hao yalitwangwa na watu wanaolia, au watu wenye haraka, au watu wanaozungumza mambo yao. Sijapata kusikia maiti aliyetwangiwa majani yake na mwanawe, kwa furaha, kwa kumtakia uzima. Huyo mama yako alipewa kitu ambacho hakuna mwingine aliyepewa. Na aliyempa ni wewe."

Nilikuwa nimebeba siku ile miaka yote kama jambo nililofanyiwa, jambo la kunidanganya, na haikuwahi kunipitikia kwamba ilikuwa pia jambo nililomfanyia Mama. Nililia, lakini mkono ulishuka. Tulitwanga kwa zamu. Alipokuwa akipiga yeye mimi nilishika kinu, nilipopiga mimi alishika yeye.

Kisha akaniosha. Alinikalisha kwenye kigoda, akanikunja shingo, akanimiminia yale maji ya kijani. Yalikuwa baridi. Vidole vyake vilikuwa vigumu kuliko vya mama yangu, na hakunihadithia chochote. Alichukua muda mrefu sana. Aliponisuuza, maji yalishuka yakapita kwenye mfereji mdogo wa uani kuelekea migombani, na kuku wakaja kuangalia.

Nywele zangu ziliota tena, ingawa sitasema muujiza. Hazikufika mgongoni kama zamani. Ziliishia mabegani, na karibu na kipaji cha uso kulibaki mahali ambapo hazikuota kabisa. Lakini mba uliisha na ngozi ikatulia. Mume wangu alipokuja likizo alileta chupa mbili kwa pamoja, akijua amechelewesha. Nilimpa mkono wa shukrani. Usiku ule aliniambia kichwa changu kinanukia kama nyumba hii ilivyokuwa ikinukia alipokuwa mdogo, kisha akageuka akatazama dari, na nilijua anawakumbuka wale ndugu zake wawili waliokufa. Chupa zile tuliwapa wasichana wa jirani, ambao walizigombania.

Mwaka ule ule nilivuka kwenda Amu kumwonyesha shangazi mtoto. Alikuwa amezeeka. Tulikaa barazani, nikakusanya moyo nikamwuliza kwa nini siku ile hakuniambia.

Alimtazama mtoto, si mimi. "Nilikuwa sijui la kufanya na wewe," alisema. "Nilikuona umesimama mlangoni na kile kibakuli chako cha uji, nikawa sijui. Nikaona nikupe kazi. Nikasema akimaliza, nitakuwa nimepata maneno. Ukamaliza upesi mno."

Nilimbusu mkono. Alimtia mtoto hina vidoleni, na tulikula pamoja mchana.

Mwishoni mwa miaka ile ya sitini mume wangu alipata chumba Mombasa, mtaa wa Kibokoni. Tulimsihi mavyaa aje nasi. Alikataa, alisema ana ufuta shambani na kuku wa kulisha. Alitufungia majani makavu ya mkunazi kwenye mfuko wa kitambaa, na kila aliyekuja kutoka kwetu alituletea mengine. Mombasa nilifanya kama alivyonifundisha. Majirani zangu wa bara walishangaa, wengine walijaribu, mmoja aliyependa aliendelea.

Mavyaa alifariki wakati sisi tuko Mombasa. Habari ilitufikia baada ya yeye kuzikwa. Aliyeileta alikuwa mvuvi wa kijijini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akieleza kwamba hakuugua, alitoka kuswali alfajiri akalala, hakuamka tena. Mume wangu aliuliza juu ya sala na kaburi. Mimi niliuliza nani alimwosha, na nani aliyetwanga. Mvuvi alifikiri, akatikisa kichwa. Alikuwa mwanamume, hayo hakuyajua.

Tulisafiri tukafika siku ya hitima. Watu walikuwa wengi, wanawake wa kisimani wote walikuwepo, na waliokuwa wakiniita mke wa chupa walinikumbatia wakalia nami. Rafiki yake wa nyumba ya tatu hakulia. Alikaa karibu nami siku nzima, bega kwa bega, akinisukumia chakula.

Walipoondoka watu tulikaa siku chache kuisafisha nyumba. Mume wangu aliziba paa mahali palipokuwa panavuja, ingawa hakukuwa na mtu wa kukaa humo. Mimi nilifua nguo zake mavyaa, nikazigawa kwa waliostahili. Kuku tulimpa rafiki yake. Ufuta ulikuwa umekauka shambani, tukauvuna sisi wawili, kwa kuwa yeye asingependa upotee. Asubuhi ya kuondoka mume wangu alifunga mlango kwa komeo, akajaribu kama limeshika, akajaribu tena. Nilimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kutembea, tukashuka kwenye njia ya kwenda bandarini kabla maji ya bahari hayajakupwa.